Yai la Maji Lilipoimba

Mtasema natunga. Semeni tu. Ila jambo hili lilitokea, na lilitokea Buffalo, mji wa Marekani ulio kando ya ziwa, Jumamosi moja ya Kwaresima, mchana kweupe, theluji ya ziwa ikishuka taratibu kama unga unaochekechwa. Yai la chura liliimba. Kuimba kwenyewe si ajabu, mayai ya namna ile huimba ukiyajulia, mtaona. Ajabu ni kwamba liliimba yai lisilo na haki ya kuimba, na wimbo wake ukaingia nyumbani kwa akina Gwozdek ukakaa kitako.

Asubuhi hiyo Marcy Gwozdek aliamka akiwa amefungika.

Ndivyo walivyosema kwao, "kafungika", kama mlango. Mtoto wa darasa la nne, macho wazi, akili timamu, lakini mguu hausogei, mkono hausogei, shingo nzito kama gunia la mchanga. Jana yake, Ijumaa, walikuwa wamekula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia, na mtoto akajisahau kwenye chipsi. Wanga ukizidi, usingizi ukifuata, asubuhi misuli inagoma. Kwenye utando wa kila seli ya misuli kuna milango midogo mno inayopitisha chumvi, na chumvi ikipita ndiyo umeme wenyewe, ndiyo mtu anainua kijiko. Milango ya Marcy ilizaliwa mizito. Siku nyingine inaitika, siku nyingine inakaa kimya.

Mama yake, Noreen, alikaa kando ya kitanda akimsugua vidole vya miguu.

"Unanisikia?"

Marcy akapepesa macho mara moja. Hiyo ni ndiyo.

"Jana umekula chipsi zako tu?"

Akapepesa mara mbili. Hiyo ni hapana.

"Na za Busia?"

Mara moja.

Mlangoni alikuwa amesimama bibi yake, mama mzaa baba, ambaye nyumba nzima na nusu ya mtaa walimwita Busia, yaani bibi kwa Kipolandi cha kwao. Mikono imejaa unga hadi viwikoni, maana tangu alfajiri alikuwa anakunja pierogi, vile vifuko vya unga vya Kipolandi vyenye kabichi ndani, za kupeleka ukumbini jioni.

"Nilimpa chache," Busia akasema. "Alikuwa ananitazama."

"Mama, daktari alisema kabisa."

"Daktari hajatazamwa na macho yale."

Mara mlango wa nyuma ukafunguka, Curtis akaingia na buti zake na harufu ya dizeli. Alikuwa dereva wa mtambo wa jiji wa kusukuma theluji, na alikuwa ametoka zamu. Akachungulia chumbani, akamwona binti yake kalala kama alivyolazwa. Akavua kofia yake ya sufu, akamvalisha hadi kwenye nyusi.

"Leo tuna sanamu," akasema. "Tuiweke bustanini, njiwa wapate pa kutua."

Pembe ya mdomo wa Marcy ikatikisika kidogo. Kwa mtu aliyefungika, hicho ni kicheko kikubwa.

"Vumilia, mwanangu," Curtis akasema akimshika shavu. "Jumatatu ripoti inakwenda Boston. Mama yako kashaufungua huo mlango."

Noreen akaendelea kusugua vidole, akitabasamu. Wakati huo alikuwa bado anaamini.

*

Niwaambie kazi ya Noreen. Alifanya kazi maabara ya chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa mayai ya chura. Unalichukua yai, unalidunga kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, unaliachia humo nakala ya jeni yoyote unayotaka. Yai haliulizi hii ya nani. Linaisoma jeni ile kwa utii wote, linatengeneza mlango ulioandikwa humo, linaupachika kwenye utando wake lenyewe. Ukitaka kuujua mlango wa moyo wa mtu bila kumpasua mtu, basi mpe yai la chura jeni yake, subiri siku chache, kisha pima umeme.

Majira yale ya baridi Profesa Haverkamp, mkuu wa maabara, aliruhusu jeni ya Marcy nayo iingie kwenye mayai. Na mayai yakawa Marcy kabisa. Yalikaa kimya. Noreen aliyapima akitokwa na machozi kwenye darubini, akisingizia mafua.

Kisha ikaja dawa kutoka kampuni moja ya Boston, kichupa kidogo, tone moja moja kama manukato ya bei mbaya. Noreen akaipitisha juu ya mayai ya Marcy, na mayai yakaamka. Mkondo wa umeme ulishuka kwenye skrini ukachora bonde zuri, laini, na kila yai likachora bonde lilelile. Watu wa Boston wakasema: leteni ripoti Jumatatu. Mkituonyesha dawa inafungua mlango wa mtoto huyu, tunampa nafasi kwenye majaribio. Nafasi zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

Parokia nzima ikajua. Na parokia ya watu wale ikijua jambo, haikai. Wakaandaa bahati nasibu ya nyama, gurudumu lizungushwe, watu washinde bekoni na mapaja ya nguruwe, na kitakachopatikana kiwapeleke akina Gwozdek Boston na kuwaweka huko. Ilikuwa jioni ileile.

Kufikia saa sita mchana Marcy alikuwa amefunguka, kuanzia vidole kwenda juu, kama kawaida yake. Akaketi jikoni akinywa maziwa.

"Ukifungika kunakuwaje hasa?" Busia akamuuliza, si kwa mara ya kwanza. Alipenda kusikia.

"Niko chini ya ziwa," Marcy akasema. "Nyie mko juu ya barafu mnatembea. Nasikia viatu."

"Vyangu vinasikikaje?"

"Vyako vinaburuza."

Noreen alikuwa anatafuta funguo za gari. Wikiendi hiyo zamu ya kulisha vyura ilikuwa yake.

"Nami nije," Marcy akasema. "Unisikilizishe yai langu. Uliniahidi."

"Yako yamekwisha, mama. Tuliyapima yote Alhamisi, sahani nimeosha."

"Basi la mtu mwingine."

Curtis, aliyekuwa amelala kwenye kochi na buti zake, akasema bila kufumbua macho, "Mpeleke. Leo yeye ndiye bibi harusi."

*

Chumba cha vyura kilikuwa na joto la pumzi. Nje dunia nyeupe, ndani mwanga wa kijani na sauti ya maji yanayojizungusha. Wale ni vyura wa kucha, asili yao Afrika, kusini huko, na sasa wazaliwa wa Buffalo kwa vizazi. Walielea wamenyoosha mikono mbele, wamekodoa macho juu, kama waumini waliopitiwa na usingizi katikati ya sala. Marcy akawarushia vidonge vya chakula akiwaita majina. Waliposhiba wakazama mmojammoja, bila haraka, na maji yakafunga juu yao.

"Wanaota nini?" akauliza.

"Vidonge."

"Mimi nadhani wanaota mto."

Noreen akamwongoza hadi chumba cha pili, penye friji ya mayai. Ilikuwa imebaki sahani moja. Akaiweka chini ya darubini, akamsogezea mtoto kiti. Marcy akaweka jicho. Kila yai nusu yake rangi ya kahawa, nusu yake nyeupe kama maziwa, mstari umepita katikati. Miezi midogo mingi imejazana kwenye bakuli la maji ya chumvi.

"Haya ya nani?"

"Ya maji."

"Kwani mengine si ya maji?"

"Haya niliyadunga maji matupu, sikuyapa jeni. Ni mashahidi. Unayapima ili ujue yai lenyewe linafanya nini likiwa halijapewa kitu. Bila hayo hujui kilichofanywa na mlango wako na kilichofanywa na chura."

Alilisema kama mtu anavyosema Baba Yetu. Kila maabara ya mayai duniani ina sahani yake ya maji, na kila mwanafunzi anayeanza anafundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Noreen mwenyewe aliwahi kumfokea kijana mmoja mbele ya wenzake kwa kulisahau.

Akalifyonza yai moja, akaliweka kwenye kisima chake kidogo, akazishusha zile sindano mbili za kioo. Mashine ina kipaza sauti. Umeme wa yai inaugeuza mlio, ili mpimaji asitoe jicho kwenye darubini. Sindano ikiwa nje, mlio ni mwembamba, wa mbu. Ikitoboa utando tu, mlio unaporomoka unakuwa mzito, wa chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

Vvvuuum.

"Limepokea," Marcy akanong'ona. Akaishika simu ya mama yake, akaanza kurekodi, mkono bado unatetemeka kwa udhaifu wa asubuhi. "Linaitwa nani?"

"Halina jina."

"Basi litaitwa Maji. Mpe dawa na yeye."

"Dawa imebaki kidogo sana, Marcy."

"Mayai yangu yote yalionja. Huyu kakaa tu anatazama wenzake. Atasikia wivu."

Noreen akafungua mdomo aseme kile alichojiambia majira yote ya baridi: kwa nini umpe dawa asiyeumwa? Na hapo akaitazama tena ile sahani.

Kwa sababu aliyapima mayai ya maji, ndiyo. Kila wiki. Lakini aliyapima makavu, bila dawa. Dawa ilikuwa haba, na kila tone alilihesabu kuwa la Marcy. Tone la binti yako ulimwagie yai la maji? Mkono ulikataa. Wala hakumficha mtu, hakuna aliyeuliza. Profesa alitazama yale mabonde mazuri, akamwona mama wa mtoto, akasema vizuri sana, Noreen.

"Mama? Nifungue mimi?"

"Fungua," Noreen akasema.

Marcy akageuza kile kibomba kidogo. Dawa ikatiririka kwenye mrija, ikafika kwenye yai. Kwa muda hakukuwa na kitu. Ule mlio ukaendelea chini kwa chini, vyura chumba cha jirani wakagota kioo, theluji ikapita dirishani. Noreen akashika ukingo wa meza akaomba. Aliomba ukimya. Hajawahi kuomba ukimya wa mtu yeyote kwa nguvu kama ile.

Kisha mlio ukaanza kupanda. Polepole, kama mtu anayeamshwa kwa jina lake, ukapanda, ukatetemeka juu, na kwenye skrini mstari ukashuka ukachora bonde. Bonde lilelile. Alilijua kama alivyoujua mgongo wa mwanawe.

"Limeimba," Marcy akasema.

Noreen akalitoa yai lile akaweka jingine. Akalipa matone ya mwisho. Nalo likaimba. Kichupa kikawa kikavu.

Kumbe chura ana milango yake mwenyewe, kazaliwa nayo, na dawa ilikuwa inaigonga hiyo muda wote. Milango ya Marcy, pale pembeni yake, huenda haikusikia hodi yoyote.

"Kwa hiyo dawa ni kali kuliko mlivyodhani," Marcy akasema, uso unamwaka. "Inafungua hata maji."

"Vaa koti, mwanangu."

"Hujafurahi?"

"Vaa koti. Busia anatungoja na masufuria."

*

Curtis alikuwa nyuma ya ukumbi wa parokia, anashusha maboksi ya nyama kutoka gari la mchinjaji. Noreen alimwingiza Marcy ndani kwa bibi yake, akarudi nje, akamweleza palepale, theluji inawatua mabegani. Alimweleza kwa maneno machache. Curtis alisikiliza akiwa amekumbatia boksi la bekoni.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Na Haverkamp?"

"Yumo ndani. Kaja kununua tiketi, masikini, na mwenyewe hali nyama."

Curtis akaliweka boksi chini, akaliinua tena.

"Sasa nisikilize. Chura ana mlango wake, sawa, nimeelewa. Lakini Marcy si chura. Una hakika dawa haitamfaa?"

"Sina hakika."

"Basi."

"Sina hakika pia kwamba haitamgonga pabaya, Curtis. Moyo nao una milango. Tulisema tunajua inafungua upi. Hatujui."

"Watampima huko Boston. Wana madaktari."

"Watampima wakiamini mimi nilishapima."

"Kila siku nasukuma theluji najua inarudi," Curtis akasema. "Miaka yote hiyo. Hakuna siku nimemaliza. Sasa we usiniambie habari za hakika." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Leo asubuhi kafungika hadi kope. Kuna siku hata kope zitagoma. Halafu tutamuuliza kwa njia gani kama anatusikia?"

Noreen akampangusa theluji begani.

"Ngoja Jumatatu ipite," akasema Curtis, sauti imeshuka. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Mtu akawaita kutoka mlangoni, nyama iingie, watu wanasubiri. Wakaingia.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye mabomba ya joto ukutani. Meza ndefu, majagi ya bia, watu wamekuja na vitafunwa vyao kutoka nyumbani, na wauza tiketi wenye aproni wanapita katikati huku noti za dola zinapepea juu kama majani. Gurudumu likizunguka, tak-tak-tak-tak, kila mtu ananyamaza, kisha anayeshinda anakwenda mbele kuchagua nyama yake na wenzake wanamzomea kwa mapenzi. Mvuke wa pierogi za Busia ulikuwa umetanda chini ya taa, na kwa Noreen watu wote walikuwa wanaelea ndani yake, midomo inafunguka na kufunga.

"Mama wa chura huyo," akasema bwana mmoja akimpigapiga bega. "Mkifika Boston msijifanye hamtujui."

"Hatutajifanya."

"Nimenunua tiketi za kutosha, hata gurudumu la gari lenu moja ni langu. Nitakuja kulidai."

Meza nzima ikacheka. Noreen akacheka pia, maana ulitakiwa kucheka. Mama mwingine akamkamata mkono akamweleza kwamba mumewe amesitisha kununua matairi mapya ili watoe kitu, akamweleza kwa urefu, na kila sentensi ilitaka asante yake. Noreen akaitoa kila mara. Jukwaani palikuwa na ndoo ya michango, imebandikwa picha ya Marcy wa darasa la pili, meno ya mbele hayapo.

Profesa Haverkamp alikuwa amekaa meza ya pembeni, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijivu, ameshikilia fungu la soseji alilotoka kushinda. Alilishika mbali na mwili kama mtoto wa watu aliyelowa. Alipomwona Noreen akainua soseji juu kumsalimia. Noreen akainua mkono. Hatua chache tu. Angeweza kwenda. Akaenda jikoni, akaosha sufuria ambalo lilikuwa safi.

Akiwa huko ndipo akasikia kipaza sauti.

"Sasa," ilikuwa sauti ya Bi Dombek, mwenyekiti wa kina mama wa parokia, "kabla ya gurudumu la mwisho, yule tuliyemjia leo ana kitu cha kutusikilizisha."

Noreen akatoka na sufuria mkononi, maji yanachuruzika. Marcy alikuwa jukwaani, kofia ya baba yake kichwani, simu mkononi.

"Leo nimepima yai na Mama," Marcy akasema. Kipaza kikapiga kelele, watu wakaziba masikio, akacheka. "Yai likidungwa linatoa sauti. Huyu anaitwa Maji. Sikilizeni."

Akaiweka simu kwenye kipaza. Ukumbi ule wenye kelele ukanyamaza wote, wazee na bia zao. Vvvuuum, chini kabisa, kama ziwa linavyoguna chini ya barafu. Mtu akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha ikaanza kupanda, polepole, polepole, ikasimama juu inatetemeka. Busia alikuwa analia waziwazi na kijiko mkononi.

"Hapo ndipo dawa imefika," Marcy akaeleza. "Na huyu hata hana jeni yangu. Alikuwa wa maji tu, hakupewa kitu. Nikamwonea huruma nikampa. Na ameimba vilevile kama yangu."

Makofi yakapasuka. Watu wakasimama. Wakagonga meza hadi majagi yakaruka. Katika ukumbi wote alibaki amekaa mtu mmoja, mwenye sweta la kijivu, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaziweka soseji mezani taratibu sana. Akageuka akamtafuta Noreen, akamwona, na wakatazamana juu ya vichwa vya watu wanaoshangilia.

Profesa akaja. Akapenya katikati ya mabega, akasimama mbele yake.

"Noreen. Lilikuwa la maji kweli?"

Noreen akaliweka sufuria kwenye meza iliyo karibu.

"Kwa sababu sahani hubadilishana," Profesa akasema. Hakuwa anafoka. Alikuwa anazungumza kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioumiza. "Ni Jumamosi, uko na mtoto, umechoka. Unachukua sahani ya huku ukidhani ni ya kule. Imeshanitokea. Ikiwa zilibadilishana, hilo si kitu, ripoti inakwenda kama ilivyo. Nieleze tu. Zilibadilishana?"

Nyuma ya Profesa alikuwa amesimama Curtis. Alikuwa amelegeza mikono yake mikubwa ubavuni, na macho yake yalikuwa macho ya Marcy hasa, yale ambayo Busia alisema daktari hajatazamwa nayo.

Noreen akaisikia bado ile sauti, ingawa simu ilikuwa imezimwa. Akamwona binti yake jukwaani anapewa soda, anaikataa kwa sababu ya sukari, anajisifu kwamba ameikataa.

"Hazikubadilishana," akasema. "Nililiweka jingine. Nalo likaimba. Sikuwahi kuyapa dawa ya maji, Profesa. Hata mara moja. Niliibania."

Profesa akafumba macho, akafumbua.

"Nilipaswa kuuliza," akasema. "Nitawaandikia mimi. Kazi tutaanza upya, maji kwanza. Lakini nafasi ile, Noreen, haitatungoja."

"Najua."

Tak-tak-tak-tak, gurudumu la mwisho. Bi Dombek akasoma namba, akaisoma tena, kisha akapiga ukelele wa furaha: Curtis Gwozdek, paja zima la nguruwe. Ukumbi ukalipuka. Watu wakamsukuma kwenda mbele, wakamtwika lile paja, wakampiga picha na ndoo ya michango na binti yake. Alisimama pale akiwa amelibeba kama kichanga, flashi zinamulika, na aliyeziona picha zile baadaye alisema Curtis alikuwa analia kwa furaha.

*

Walirudi nyumbani, theluji inakuja kwenye kioo cha mbele kama nyota unazozipita. Busia alisinzia mbele. Paja la nguruwe lilikaa nyuma katikati ya Noreen na Marcy, limefungwa mkanda.

"Mbona Profesa hakupiga makofi?" Marcy akauliza.

Noreen akatafuta pa kuanzia. Aliyejibu ni Curtis, akiwa anatazama barabara.

"Alikuwa ameshika soseji," akasema.

Marcy akaridhika. Akaegemeza kichwa kwenye paja la nyama, akaiweka simu sikioni, akaiwasha. Vvvuuum. Gari zima likajaa ile sauti ya chini. Barabara ilikuwa nyeupe, imesukumwa pembeni vizuri na mwenzake Curtis wa zamu ya jioni, na tayari ilikuwa inajaa tena.

"Kesho baada ya misa," Curtis akasema kwa sauti ya kusikiwa na mkewe tu, "nitairudisha ile ndoo. Mwenyewe. Wewe utakaa tu karibu yangu."

"Nitakaa."

Pale kiti cha nyuma mlio ukaanza kupanda, ukatetemeka. Noreen akaushika mkono wa Marcy, akaubonyeza kidogo, akangoja. Mtoto alikuwa ameshalala. Asubuhi itamkuta amefungika au amefunguka, hilo hakuna aliyelijua ndani ya gari lile. Sauti ikafika juu, ikasimama, ikakatika.

Sasa wewe unayesoma. Ni binti yako. Profesa kakushikia mlango kwa mkono wake mwenyewe, ungejibu neno moja tu: zilibadilishana. Ungemjibu nini?